Tochi ya 50: ukionyeshwa picha ukague nini, na kwa nini trafiki wanasimama pale wanaposimama?

Mpita Segera:

Salaam wakuu.

Naomba wenye uelewa wa sheria na vifaa vya barabarani, siyo porojo. Kwenye barabara kuu zetu, chukulia Chalinze–Segera au Morogoro–Iringa, karibu kila kijiji kina kibao cha 50. Trafiki mmoja anakaa kivulini na tochi ya kupimia mwendo, wenzake wako mbele kilomita moja au mbili wakisubiri picha kwenye simu. Dereva anapigwa mkono, anaonyeshwa WhatsApp, anaambiwa "63 hiyo, elfu 30".

1) Kwenye picha ile dereva akague nini kabla ya kukubali kosa?
2) Kwa nini tochi zinapenda kukaa pale kijiji kinapoanzia, wakati mabasi yanapiga ligi porini usiku na hayaguswi?
3) Dashibodi inasoma 50, tochi inasema 54. Mkweli ni nani?

Mambo ya rushwa tunayajadili kila siku, leo tuyaweke kando kidogo.

---

Leza905:

Mkuu, kwenye picha ile kila mtu anakodolea macho spidi. Namba yenye kesi ni umbali.

Tochi nyingi za sasa ni leza yenye kamera, siyo rada ya zamani. Inarusha mipigo ya mwanga usioonekana, wimbi la nanomita 905, na kupima muda ambao kila mpigo umetumia kwenda kwenye gari na kurudi. Inarudia hivyo mara nyingi ndani ya kama theluthi moja ya sekunde, kisha inakokotoa gari limesogea kiasi gani. Maana yake haiwezi kutoa spidi bila kwanza kusoma umbali, ndiyo sababu picha kamili huwa na vyote viwili, pamoja na tarehe, saa na alama ya kulengea.

Piga hesabu sasa. Afande amesimama mita 100 ndani ya eneo la 50, tochi ameielekeza kwa wanaokuja. Picha inasema 63, umbali mita 287. Toa 100: gari lilikuwa mita 187 kabla ya kibao. Kosa la kibao hapo halipo. Jambo hili linatokea kirahisi kwa sababu leza inalishika gari tangu mita mia kadhaa, na kidole kinawahi kubonyeza wakati dereva ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Utajuaje afande aliposimama? Kitafute kibao kwenye picha. Kwa gari linalokuja, kamera inaona mgongo wa kibao, ule upande mtupu usio na maandishi. Mgongo huo ukiwa kati ya kamera na gari, ulikuwa hujaingia. Ukiwa nyuma ya gari, ulishaingia, lipa tu. Kama kibao hakionekani, rudi na gari ukapime kwa kilomita za dashibodi kutoka kwenye kibao hadi kwenye mti ule alipokaa afande na tochi. Palipo na nyumba pande zote mbili hata kabla ya kibao, usiitegemee sana hoja hii, afande atakujibu kwamba hayo tayari ni makazi.

Halafu tazama alama ya kulengea imekaa wapi. Inatakiwa iwe juu ya gari lako, si kwenye uwazi kati yako na Fuso. Kwa mita 300 mwale wa leza una upana wa kama mita moja, kwa hiyo una uwezo wa kutenganisha magari. Rada za zamani zilikuwa na pembe ya nyuzi 12 hivi. Kwa umbali huohuo zinafunika upana wa mita 63, yaani barabara yote na mashamba juu yake. Ubishi wa "ulisoma gari lipi" ulikuwa na haki enzi zile.

Watu wanapenda sana kubishia pembe, eti afande alikuwa ametoka nje ya barabara kwa hiyo namba imezidi. Ni kinyume chake. Tochi iliyotulia pembeni husoma pungufu: kwa pembe ya nyuzi 10 gari la 80 linasomeka 79, kwa nyuzi 20 linasomeka 75. Pembe inakubeba wewe. Hoja yenye uzito ni mkono kuteleza. Mwale ukianzia kwenye kioo cha mbele na kumalizikia kwenye boneti wakati kipimo bado kinaendelea, umbali umepungua bila gari kuwa limekimbia kiasi hicho. Kifaa kizuri hugundua na kuandika kosa badala ya namba, lakini ndiyo maana kinatakiwa kulengwa kwenye sahani ya namba na kutulizwa, siyo kutolewa nje ya dirisha kwa mkono mmoja.

Mwisho, kila zamu kifaa kinapaswa kufanyiwa majaribio: kijipime chenyewe kinapowashwa, kilengwe kwenye nguzo nyembamba kuona kama alama na mwale vinakubaliana, kisha kipime umbali uliokwisha pimwa kwa futi kamba. Cheti cha uhakiki nacho kiwe hakijapita muda. Haya unaweza kuyauliza kwa adabu, hayahitaji ugomvi.

Na CD ile inayoning'inizwa kwenye kioo haizuii kitu.

---

Bibi wa Kitonga:

Naongeza hapo kwa Leza905. Ikija picha iliyokatwa ikabaki spidi na namba ya gari tu, omba ile nzima. Umbali, saa na tarehe huwa kwenye maandishi ya pembeni, na ndizo sehemu za kwanza kupotea picha ikikatwa ili ionekane vizuri kwenye simu. Linganisha pia saa ya kwenye picha na saa uliyosimamishwa. Kama kati ya tochi na kizuizi kuna kilomita mbili na saa zinatofautiana dakika arobaini, hiyo picha si ya safari hii.

---

Kabureta:

Swali la tatu: tochi inaweza kuwa sahihi na dashibodi inaweza kuwa haina kosa la kiwandani, tatizo likawa tairi.

Kanuni za kimataifa za magari haziruhusu dashibodi kusoma chini ya mwendo halisi. Kuzidisha inaruhusiwa, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, likisoma 50, kwa kawaida lina 46 au 47 hivi. Ukiona dashibodi 50 na tochi 54, kuna mtu kabadilisha kitu.

Hapa kwetu kitu chenyewe ni "kunyanyua gari". Kagari kadogo kamekuja na tairi za 195/65 R15, fundi anakuambia weka 205/70 R15 lisigonge chini. Kipenyo cha ile ya kwanza ni milimita 634.5, cha ya pili 668. Tofauti ni asilimia 5 na kitu. Kila mzunguko wa tairi gari linakwenda mbali zaidi, dashibodi haijui. Ile ziada ya usalama ya kiwandani imeliwa, na kwenye magari ambayo ziada yake ilikuwa ndogo unaanza kusoma chini ya mwendo wa kweli.

Kupima ni rahisi. Washa GPS ya simu, chagua kipande kilichonyooka na cha tambarare, shika 50 ya dashibodi kwa sekunde 20 bila kubadili mguu, msomaji awe abiria. Rudia kwenye 80. Usipime kwenye kona wala penye miti mingi. Tofauti ukishaijua iandike kwenye kikaratasi ubandike karibu na usukani. Tairi lililoisha au lenye upepo pungufu hupunguza kipenyo, lakini kwa kiasi kidogo tu, msilitumie kama utetezi.

---

Rasta na Tuta:

Nijibu la pili, maana hapa ndipo watu huishia kutukanana.

Kijiji kuwekewa tochi ni haki. Wanaokufa pale ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na watoto wa shule, na mwendo ndio unaoamua. Chukua dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka, breki nzuri, lami kavu. Akiwa na 50 anatumia kama mita 21 kabla hajagusa breki na 14 za kusimama, jumla 35. Akiwa na 65, mita 27 zimekwisha kabla ya breki. Sasa angalia: pale ambapo yule wa 50 ameshasimama kabisa, huyu wa 65 bado ana zaidi ya 50. Mtoto aliye mita 36 mbele kwa wa kwanza kaponea chupuchupu, kwa wa pili kagongwa na gari ambalo ni kama halijaanza kupunguza. WHO wanasema hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na mbele ya gari inapanda mara 4.5 kutoka 50 hadi 65. Kwa hiyo wale wa "13 tu za ziada afande" waache.

Lakini kijiji kina urefu. Mita 30 baada ya kibao unampima mtu ambaye bado anapunguza. Ukiinua mguu bila kukanyaga breki sana, kutoka 80 hadi 50 unahitaji kama mita 150. Kutoka 100 karibu 300. Anayekiona kibao kikiwa mita 80 kwa sababu majani yamekifunika hana namna bila kukanyaga kwa nguvu, na nyuma yake kuna Scania. Sogeza tochi hiyohiyo mita 400 ndani, penye shule, gulio au kivuko, utakaowakamata ni wale walioamua kupita bila kupunguza. Idadi ya picha itashuka, na waliobaki ndio wenye kuua.

Sasa kwa nini haisogezwi? Angalia faini. Kosa la kuandikiwa papo hapo ni shilingi 30,000, uwe umezidi kilomita 6 au 60. Lori, basi, kagari kadogo, sawasawa. Bodaboda na bajaji ndio walioshushiwa hadi 10,000. Bei ikiwa moja, na zamu ikihesabiwa kwa idadi ya makosa, mtu yeyote mwenye akili atakwenda palipo na samaki wengi wadogo. Simlaumu koplo aliyepangwa pale. Laumu kipimo anachopimiwa kazi.

Kuna jingine. Tochi ya kujificha inakamata, ila wasiokamatwa hawajui kama ilikuwepo. Trafiki anayeonekana, mwenye kizibao kinachong'aa, anapunguza mwendo wa kila gari kwa kilomita kadhaa. Kule madereva kuonyeshana taa kunakowaudhi sana trafiki kunafanya kazi hiyohiyo bure. Mpangilio mzuri ni mchanganyiko: mara waonekane, mara wasionekane, na mahali pabadilike, kwa sababu tochi ya mti uleule kila Jumanne inafundisha madereva kupunguza kwenye mti ule tu.

Na palipo na hatari mchana na usiku weka rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) na matuta. Barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi ni kama kilomita 50, hakuna jeshi la polisi litakaloisimamia usiku kucha. Tuta halilali wala halihitaji chaji.

---

Tela Mbili:

Rasta umesema vizuri ila hesabu zako za breki ni za gari dogo. Lori lenye mzigo, breki za upepo zina ucheleweshaji wake kabla hata ngoma hazijashika, na kwenye mteremko dereva hatakiwi kuzikanyaga muda mrefu zikapata moto. Anayeingia kijijini baada ya mteremko lazima awe kwenye gia ndogo tangu juu, kibao kikionekana ameshachelewa. Vibao vya 50 vilivyowekwa chini kabisa ya mteremko ni kosa la mwenye barabara, na tochi ikikaa hapo ni kosa juu ya kosa.

---

Kondakta Mstaafu:

Kuhusu mabasi "hayaguswi" usiku: yanaguswa, ila si na tochi.

Mabasi ya mikoani kikomo chake ni 80 na yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo, VTS, kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kinatuma mahali basi lilipo na mwendo wake, na likivuka kikomo kinalia humo ndani. Ule mlio wa kukereka unaousikia kwenye basi ndio huo. Dereva anajitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, ili kosa liandikwe kwake na lisisingiziwe dereva mwenza. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 kifaa hiki ndicho kinachobeba mzigo, kwa sababu trafiki wa tochi gizani anahangaika: kamera haisomi sahani ya namba vizuri bila mwanga, na kusimamisha basi usiku penye lami nyembamba ni kutafuta ajali nyingine.

Kinapoharibikia ni huku. Umeme wa kifaa unakatwa, au waya wa kitambua mwendo unachomolewa, au kitufe cha dereva mmoja kinatumika na wawili. Kila moja kuna alama yake: data inakatika ghafla na kurudi mkoa mwingine, basi "limesimama" huku mahali linapobadilika, au mtu mmoja anaonekana ameendesha saa ambazo binadamu haendeshi. Abiria naye ana kipimo chake cha bure: GPS ya simu ikisoma 100 na ndani kimya, kifaa hicho hakifanyi kazi. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa, andika namba ya basi, wapelekee LATRA na trafiki wa kituo kinachofuata. Kugombana na dereva njiani hakusaidii.

Ningekuwa mpangaji wa zamu, tochi ningeziacha kwa magari madogo na malori, mabasi ningeyafuata kwa data za VTS pale stendi, kabla hayajatoka.

---

Nyali Bara:

Jamani wa Bongo, hiyo faini ya bei moja ndiyo shida yenu. Huku Kenya kanuni za makosa madogo za 2016 ziliigawa kwa hatua. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, elfu 3. 16 hadi 20, elfu 10. Zaidi ya 20 ni mahakamani, hakuna cha kulipia barabarani. Kikomo chenyewe ni 50 mjini, gari la kibinafsi 100 kwenye barabara ya kawaida na 110 kwenye ile ya njia mbili zilizotenganishwa, matatu na magari ya biashara 80.

Haimaanishi kwetu ni peponi. Hatua zikiwa mbali hivyo, kutoka elfu 3 hadi elfu 10 kwa kilomita moja, ndipo maneno ya pembeni yanapoingia: "nikuandikie 15 ama 16?" Ukipima hapa Mombasa Road utaona. Lakini angalau anayeenda 56 na anayeenda 90 hawalipi sawa.

Pia ile sheria yetu ya trafiki hairuhusu mtu kuhukumiwa kwa mwendo kwa sababu tu shahidi mmoja anaona kwa macho yake alikuwa mbio. Lazima kuwe na zaidi ya maoni yake. Kwa hiyo picha ni ya maana kwa polisi kuliko kwako.

---

Mpita Segera:

Nimeelewa vizuri sana, shukrani. Nimebakiwa na moja: nikiwa sikubaliani na kosa, pale barabarani hatua ni zipi? Maana wengi wanalipa kwa sababu wana haraka.

---

Bibi wa Kitonga:

Simama kushoto kabisa, taa za tahadhari, baki ndani, mikono ionekane, salimia. Leseni na bima viwe mkononi, siyo kuanza kutafuta chini ya kiti. Kisha mpangilio ni huu: omba picha nzima, soma umbali na saa, uliza tochi iko wapi na kibao kiko wapi. Kama hesabu inakukataa, kubali mapema muendelee na safari.

Kama hesabu iko upande wako, sema wazi na kwa upole kwamba kosa hulikubali. Faini ya papo hapo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ni kwa anayekiri. Asiyekiri hupelekwa mahakamani. Usikiri kwanza kisha ukabishane baadaye, hiyo njia ni ngumu. Andika jina na namba ya askari, saa, mahali kwa kutaja nguzo ya kilomita iliyo karibu, na upige picha ya kibao kama ulivyokiona kutoka kwenye usukani, majani yakiwemo. Afande mwenye picha nzuri hatishiki na haya, na mwenye picha mbaya mara nyingi anakuruhusu uende.

Ukikubali, huachi hela mkononi mwa mtu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ukiambiwa "mtandao uko chini, nipe tu mimi", sema utalipa baadaye kwa namba ileile. Akishikilia, TAKUKURU ni 113.

---

Leza905:

Na kama kibao kimeng'olewa kikauzwa chuma chakavu, au cha kufuta 50 hakipo hivyo eneo halina mwisho, peleka barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa husika, ukitaja barabara, nguzo ya kilomita na upande. Nakala mpe mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Barabara za wilaya ni TARURA. Bila nguzo ya kilomita barua yako haina pa kufikia.

---

Kabureta:

Wanaonunua magari ya mkononi, hiyo namba ya kumbukumbu inakaa kwenye mfumo wa polisi, na deni linaonekana kwa namba ya gari. Ingia tms.tpf.go.tz, andika namba ya gari kabla hujatoa hela. Lisilolipwa kwa wakati huongezewa adhabu ya kuchelewa, na trafiki wa kizuizi kinachofuata hataki kujua nani alikuwa anaendesha Machi iliyopita.